Kazi Ifanywayo Nyumbani: Habari za Waanika Dagaa wa Nkome

Mtu akitaja neno "kazi", mara moja mawazo yetu hukimbilia mahali mbali na nyumba zetu. Twafikiri habari za ofisi, au kiwanda, au mgodi, mahali ambapo watu huingia asubuhi na kutoka jioni. Mtoto akiulizwa, "Baba yako afanya kazi gani?" hujibu upesi, kama baba yake ni karani au dereva. Lakini akiulizwa habari za mama yake, ambaye tangu alfajiri hajaketi, mara nyingi hujibu, "Mama hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Jibu hilo si la kweli, na katika somo hili tutaona sababu yake. Tena tutaona jambo la pili, lililo gumu zaidi, ya kuwa kazi ya nyumbani ina hatari zake yenyewe, na mtu aweza kuifanya kwa bidii mwaka mzima asione faida yake imekwenda wapi.

Twendeni Nkome. Mahali hapo pako kando ya Ziwa Victoria, katika Wilaya ya Geita. Watu wake ni wa makabila mengi: Wazinza, ambao ni wenyeji wa nchi ile tangu zamani, na Wasukuma, na Wakerewe, na Wajita, na wengine waliokuja kwa kufuata samaki. Wako wavuvi wa sangara, na wako wavuvi wa dagaa. Sisi leo twataka habari za dagaa, maana dagaa hukaushwa na watu walio nyumbani, na wengi wao ni wanawake.

Dagaa ni samaki mdogo sana, urefu wake haupiti kidole. Usiku hupanda karibu na uso wa maji, na akiona taa huifuata. Kwa hiyo wavuvi huvua usiku wa giza. Huziweka taa juu ya maji, hungoja mpaka dagaa wamekusanyika chini ya mwanga kama kumbikumbi, ndipo huwazungushia wavu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake huenea juu ya ziwa lote, nao dagaa hawana haja tena ya kuja penye taa. Basi wavuvi hupumzika siku kadhaa, hutengeneza nyavu zao na kukalafati mitumbwi, hata giza lirudi. Kwa sababu hiyo mwanamke wa Nkome afanyaye kazi ya dagaa huutazama mwezi kama karani aitazamavyo saa ya ukutani.

Alfajiri mitumbwi hurudi. Wanawake huwa wamekwisha kufika pwani zamani, kila mmoja na ndoo yake, na baridi ya ziwa si ndogo saa hiyo. Bei hutajwa palepale kwa ndoo. Usiku ukiwa mwema bei hushuka, na usiku ukiwa mbaya bei hupanda, wala hakuna ajuaye mapema. Mwenye kununua hana nafasi ya kufikiri sana, kwa maana dagaa mbichi hangoji. Jua likipanda kabla hajaanikwa, huanza kuharibika.

Yafaa tujue kwa nini huharibika. Katika mwili wa samaki mbichi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Viko vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huozesha nyama, navyo haviwezi kuongezeka pasipo maji. Tukiyatoa maji upesi, vijidudu hukosa riziki, na samaki hudumu miezi. Hiyo ndiyo maana ya kuanika, na ndiyo sababu gunia la dagaa wakavu laweza kusafiri kutoka Nkome mpaka soko la Kirumba huko Mwanza, na kutoka hapo likavuka mipaka mpaka Kongo, bila barafu wala chumvi. Pia ndiyo sababu kilo nne za dagaa wabichi, zikikaushwa vema, hubaki karibu kilo moja tu. Mtoto asiyelijua jambo hilo hudhani kuna mwizi uani.

Wengine huanika juu ya mchanga. Ni rahisi, haigharimu kitu, lakini dagaa hushika mchanga, na kuku hupita juu yao, na mbwa pia. Wengine huanika juu ya miamba, ambayo hupata joto jingi na ni safi kuliko mchanga. Njia iliyo bora ni chanja. Hukatwa miti na fito, hujengwa meza ndefu yenye kimo cha kiuno cha mtu, kisha juu yake hutandikwa wavu mkuukuu wenye matundu madogo. Hewa hupita juu na chini, dagaa hukauka upesi, wala hawana mchanga. Mnunuzi huwatia kinywani wawili watatu, hutafuna, na kama meno yake hayakusaga mchanga hakawii kuongeza bei. Siku ya jua kali dagaa waweza kukauka kwa siku moja. Siku ya mawingu huchukua siku mbili au tatu. Na mvua ikiwanyeshea wangali nusu wabichi, hubadilika rangi na kunuka, na hapo hawafai tena kuliwa na watu. Huuzwa kwa bei ndogo wakawe chakula cha kuku.

Sasa tulinganishe kazi hii na kazi nyingine ya nchi hiyohiyo. Geita yajulikana kote kwa dhahabu. Mgodi wake wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Mbali na mgodi huo wako wachimbaji wadogo wengi, wachimbao mashimo yao wenyewe, ambayo huyaita maduara. Mtu afanyaye kazi mgodini ana zamu yake. Saa ya kuingia yajulikana, saa ya kutoka yajulikana, na yuko msimamizi. Akikawia, ataulizwa. Hata katika duara la wachimbaji wadogo yuko mwenye duara, naye hana upole kwa mtu aliyelala. Bali mama aanikaye dagaa uani kwake hana kengele, hana zamu, wala hapana mtu wa kumwuliza. Tena, kila apitaye njiani humwona yuko nyumbani, naye hufikiri kwamba aliye nyumbani ana nafasi.

Shida hii si ya Nkome peke yake, wala si ya leo. Huko Uingereza, kabla ya viwanda vikubwa kuenea mwishoni mwa karne ya 18, nguo nyingi zilifumwa ndani ya nyumba za watu. Mfanyabiashara alileta sufu au pamba, watoto waliichambua, mke aliisokota, mume akaifuma, na kitambaa kikarudi kwa mfanyabiashara. Hakuna aliyewapigia kengele. Basi wafumaji wengi walijizoeza kutofanya kazi siku ya Jumatatu, hata watu wakaipa siku hiyo jina la mzaha, wakaiita Jumatatu Takatifu, kana kwamba ni sikukuu. Jumanne nayo ilikwenda polepole. Kisha mwisho wa juma ulipokaribia walikesha usiku kucha mbele ya mshumaa, ili kitambaa kiwe tayari. Wako watu waliowaita wavivu. Mimi siafikiani nao, maana mtu afumaye mpaka usiku wa manane si mvivu. Kazi yake ilikosa mpaka tu, ikawa leo haipo, kesho imemwelemea. Mwaka 1771 mtu aitwaye Richard Arkwright alianza kujenga kiwanda cha kusokotea pamba kwa nguvu za maji mahali paitwapo Cromford, na polepole watu wa namna hiyo wakaondoka katika nyumba zao, wakaingia chini ya kengele.

Na sasa sikilizeni habari za mama mmoja wa Nkome. Jina lake hatutalitaja. Mume wake alikuwa amekwenda machimboni, akakaa miezi mingi, na fedha alizotuma zilikuwa chache. Mama huyo alikuwa na watoto watatu. Mkubwa wao alikuwa binti, naye alisoma darasa la sita. Mama alikuwa hodari, hakuna alfajiri ya giza iliyomkuta kitandani.

Siku moja katika majira ya mvua alikuwa ameanika dagaa wake juu ya chanja. Jua lilikuwa zuri, na mawingu yalikuwa mbali, upande wa ziwa. Mara jirani yake akafika.

"Mwangaluka, mayu," alisema jirani.

"Mwangaluka," akajibu mama. "Karibu, ukae."

"Sikai, nina haraka. Twende wote tukamwone yule mama aliyejifungua. Si mbali, wala hatutakawia."

"Dagaa wangu wako juani, ndugu yangu. Nikienda nani atawatazama?"

"Ah! Si uko nyumbani tu? Dagaa hawana miguu, hawatakimbia!"

Mama akacheka, akaona haya kukataa, akajitanda kanga yake wakaondoka. Nani angekataa? Kwenda kumwona mzazi ni wema, na jirani asiye na wema si jirani. Lakini huko walikaribishwa uji, na baada ya uji yakafuata mazungumzo. Mvua ya pande za ziwa haibishi hodi. Mama aliposikia ngurumo alitoka mbio, akafika nyumbani amelowa, na dagaa wa ndoo nne wameloa pia. Aliwafunika kwa turubai ilhali wamekwisha kuharibika, na siku tatu zilizofuata hazikuwa na jua. Mwisho aliwauza wote kwa mtu wa kuku.

Usiku ule hakulia, wala hakumlaumu jirani. Alifikiri. Akaona kwamba kama angeajiriwa na mtu mwingine kuwaanikia dagaa, jirani yake asingemwita, naye asingekwenda. Wote wawili wangesema, "Sasa ni saa ya kazi." Mbona saa ya kazi ya tajiri ina heshima, na saa ya kazi yake mwenyewe haina? Tangu hapo aliweka desturi. Dagaa wakiwa juani, yeye hatoki uani mpaka wawe wamegeuzwa mara ya pili na kukusanywa. Wageni wajao aliwakaribisha kwa furaha, akawawekea kigoda karibu na chanja, na mazungumzo yakaendelea huku mikono yake ikichagua takataka. Wengine walichagua pamoja naye bila kuombwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mama huyu hakungoja siku ya tatu. Ziara zake mwenyewe alizifanya jioni. Mwanzoni watu walinung'unika kidogo wakisema amepata majivuno. Baada ya mwezi mmoja walizoea, na waliomtaka walikuja jioni.

Wanawake wa Unguja na Pemba wanayo njia nyingine ya kushinda shida hii. Kazi yao ya kusuka ukili wa mikeka haihitaji jua wala chanja, basi huichukua popote waendapo. Huzungumza huku wakisuka, na ukili hurefuka pamoja na maneno. Lakini dagaa hawawezi kubebwa hivyo, na kila kazi ina tabia yake.

Tumekwisha kuona habari za saa. Sasa tutazame fedha, na hapa nataka mchukue kalamu, maana sehemu hii ni ya hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, kwa kuwa bei za pwani hubadilika kila siku.

Mama yule alianza wakati mmoja wa giza akiwa na shilingi 70,000. Alinunua ndoo 6 za dagaa, kila ndoo shilingi 10,000, jumla 60,000. Wabebaji waliozileta nyumbani aliwapa shilingi 500 kwa kila ndoo, jumla 3,000. Gunia na kamba vilikuwa shilingi 2,000. Nauli ya kupeleka mzigo sokoni shilingi 4,000. Dagaa wakavu wa ndoo zote sita waliuzwa kwa shilingi 84,000.

Mama alizifunga fedha katika pindo la kanga, akafanya hesabu njiani. "Nilinunua kwa 60,000, nimeuza kwa 84,000, nimepata faida 24,000." Alifurahi sana. Akanunua mafuta na sabuni, akatoa mchango wa msiba, akawanunulia watoto madaftari, mpaka zile 24,000 zikaisha. Hakutumia hata senti moja katika mambo ya upuuzi.

Giza la pili lilipofika alikuta hawezi kununua ndoo 6. Alinunua 5. Giza la tatu alinunua 4. Alishangaa, akafikiri kwamba labda mmoja wa watoto amefungua pindo la kanga yake usiku. Giza la nne alikuwa na shilingi 44,500 tu mkononi, na hizo zingetosha ndoo 3.

"Mama," alisema binti yake, "nipe ruhusa niandike."

"Uandike nini, mwanangu?"

"Kila kitu kilichotoka na kila kitu kilichoingia, tangu siku ile ya ndoo sita. Wewe utasema, nami nitaandika."

Wakaketi karibu na taa. Binti alichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari lake la zamani, upande mmoja akaandika "Zilizotoka", upande wa pili "Zilizoingia". Mama alikumbuka kila kitu, maana watu wasiozoea kuandika huwa na kumbukumbu kali. Binti alipojumlisha zile zilizotoka mara ya kwanza hakupata 60,000. Alipata 69,000.

"Faida yako haikuwa 24,000, Mama," alisema. "Ilikuwa 15,000. Zile 9,000 za wabebaji na gunia na nauli ulizitoa mfukoni ukazisahau. Tulikula faida 15,000, na juu yake tukala 9,000 za mtaji."

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na mara ya pili?"

"Mara ya pili faida ilikuwa 11,500. Tulikula 20,000."

"Basi mwizi tumempata," alisema mama.

Yako mambo mawili ya kuangalia katika hesabu hii. Kwanza, mtu aliyeajiriwa hana haja ya kujua mtaji ni upi na faida ni ipi, maana tajiri humpa mshahara uliokwisha kutengwa. Lakini kwa mtu afanyaye kazi nyumbani kwake fedha zote huja pamoja, katika mkono mmoja, nazo hazina alama. Noti ya mtaji na noti ya faida zafanana. Mali bila daftari, watu husema, hupotea bila habari. Pili, nyumbani ndipo mahitaji yalipo. Mafuta yamekwisha hapohapo, mtoto anaumwa hapohapo, mchango wadaiwa mlangoni. Hata dagaa wenyewe huliwa kidogo kidogo, sufuria moja leo, sufuria moja kesho, nao ni mali ya biashara.

Binti alikata mkebe wa maziwa ya unga, akaufanya sanduku la mtaji, akaukabidhi kwa bibi yake, mama wa baba yao, aliyekaa nyumba ya pili. Bibi huyo hakujua kusoma, lakini hakuwa mtu wa kuchezewa. Dagaa wa mboga waliandikwa daftarini kama vile wameuzwa, na mama akalipa bei yao kutoka katika faida yake mwenyewe. Wengine walimcheka kwa kujiuzia mboga.

Kupima na kuandika mambo yako mwenyewe si jambo geni katika nchi za Ziwa. Wakulima wa pamba hufanya kazi kubwa nyumbani baada ya mavuno, kuichambua pamba, safi mbali na fifi mbali, kabla ya kuipeleka kuuza. Katika miaka ya 1950 wakulima wengi walikuwa na mashaka kwamba mizani ya wanunuzi haisemi kweli. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma, wakasimama karibu na mizani na kuandika. Kutoka katika shughuli hizo vilikua vyama vya ushirika vya pamba, navyo viliungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha.

Imebaki habari ya siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawavuliwi. Hapo ndipo tofauti ya nyumba na nyumba huonekana. Nyumba nyingine husema, "Hapana kazi," na watu hulala mchana. Mama yetu alikuwa na shamba dogo la viazi vitamu. Majira ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, jua likiwa kali na mvua hazipo, alitumia chanja ileile kwa kazi nyingine. Wasukuma wanazo namna mbili za kuhifadhi viazi. Viazi vibichi humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa, navyo huitwa michembe. Au huchemshwa kwanza, kisha humenywa, hukatwa na kuanikwa, na hivyo huitwa matobolwa. Vikikauka vizuri hukaa miezi mingi ghalani, na wakati wa njaa huchemshwa vikaliwa, pengine pamoja na karanga. Chanja ilihitaji kusuguliwa kwanza mpaka harufu ya dagaa itoke, kazi ambayo watoto hawakuipenda hata kidogo. Kitu kikubwa katika matobolwa hayo ni kwamba nyumba iliyo na chakula ghalani haihitaji kufungua mkebe wa mtaji.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea duniani, watu wengi sana katika miji kama London na New York waliamriwa wasiende maofisini, wafanye kazi katika nyumba zao kwa kompyuta. Watu wenye elimu kubwa walikutana na mambo yaleyale yaliyomkuta mama wa Nkome. Watoto waliwaita, wageni walibisha hodi, meza ya kulia ikawa meza ya kuandikia, na wengine hawakujua tena kazi yaanza lini na kwisha lini. Hapa Tanzania shule zilifungwa mwezi wa Machi mwaka huo, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Waulizeni kaka na dada zenu walisoma kiasi gani katika miezi ile mitatu, ijapokuwa vitabu vilikuwa nyumbani na muda ulikuwa mwingi. Wako waliosoma. Waliosoma, ukiwauliza sana, watakuambia walikaa mahali palepale kila siku, saa ileile, hata kama mahali penyewe palikuwa chini ya mwembe.

Baba wa nyumba ile alirudi kutoka machimboni mwaka uliofuata. Alifika mchana, akamkuta mkewe anageuza dagaa. Walisalimiana kwa furaha nyingi, watoto wakampokea mzigo. Akasimama akatazama chanja, ambazo sasa zilikuwa mbili.

"Nimechoka, mama watoto," alisema. "Acha hayo, uje tuzungumze. Si uko nyumbani tu?"

"Kaa kigodani hapo, baba," alijibu mkewe. "Shika na ungo huu, uchague taka. Bado saa moja tu ya jua."

Akakaa, akachagua. Jioni binti alimletea daftari, naye akalisoma mpaka taa ikaanza kufifia.

Maswali

1. Kwa nini wavuvi wa dagaa hawavui wakati wa mbalamwezi?
2. Eleza jinsi chanja inavyojengwa, na kwa nini ni bora kuliko mchanga.
3. Fanya hesabu ya mama kwa mara ya tatu, aliponunua ndoo 4. Faida yake ya kweli ilikuwa shilingi ngapi, na yeye alidhani ni ngapi?
4. Mama alibaki na shilingi 44,500. Bei zote zikiwa zilezile, na asitumie hata senti moja ya faida, atanunua na kuuza mara ngapi kabla ya kuweza kununua ndoo 6 tena?
5. Katika nyumba yenu, ni kazi zipi zifanywazo zenye kuleta fedha au chakula? Andika zilizotoka na zilizoingia kwa juma moja, ukimwomba ruhusa mwenye kazi hiyo kwanza.